Kesi ya Matajo Elfu Kumi na Moja

Nchi ya Kutajika ilipakana na Kusifiana upande wa kaskazini na Kukariri upande wa kusini. Magharibi iliishia katika bonde kavu la Kusahaulika, ambako hapana mtu aliyepata kwenda kwa hiari yake. Mji wake mkuu uliitwa Midomoni. Wenyeji wa Midomoni hawakuwa wavivu wala wajinga. Vyuo vyao vilikuwa vingi, madirisha ya maabara zao yalielekea mashariki ili yapate nuru ya kwanza ya kila siku, na mgeni aliyepita katika mitaa yao alirudi kwao akisimulia habari za nchi ambayo hata wauza ndizi hubishana juu ya elimu. Lakini kila taifa lina kipimo chake cha utu. Wako wapimao kwa nasaba, wako wapimao kwa mifugo, na wako wapimao kwa upanga. Kutajika ilipima kwa kutajwa.

Mwanachuoni alipomaliza uchunguzi wake aliuandika katika waraka, akaupeleka Jumba la Nyaraka. Tangu siku hiyo, kila mara mwanachuoni mwingine alipoutaja waraka ule ndani ya waraka wake, mwenyewe aliandikiwa tajo moja, na kila Jumatatu wanadi walisimama juu ya ngazi za Jumba wakatangaza nani ameongezewa matajo mangapi. Matajo ndiyo yaliyoamua nani apewe maabara na nani anyang'anywe. Nani aketishwe mbele karamuni na nani asimame mlangoni. Nani akiposa akubaliwe na nani aambiwe kuwa binti bado mdogo. Hata salamu zilikwenda kwa idadi. "Sabalkheri, Bwana wa Mia Tisa," mtu alisema. "Sabalkheri nawe, Bwana wa Sitini," alijibiwa, na wote wawili walijua nani apishe njia. Asiyekuwa na tajo hata moja aliweza kupiga chafya mbele ya watu kumi asipate wa kumwombea afya.

Penye soko hapakosi walanguzi. Palizuka vyama vya nitaje nikutaje, ambavyo wanachama wake walitajana asubuhi na jioni kama njiwa wanaolishana mdomoni. Wengine walikata uchunguzi mmoja vipande vitano, kama mhogo wa kuchemsha, ili kila kipande kitajwe peke yake. Na kwa kuwa hapakuwa na tajo kwa mtu arudiaye kazi ya mwenzake ili aone kama ni kweli, kazi hiyo ilidharauliwa ikaitwa kucheua, na mwenye kuifanya aliitwa ng'ombe. Juu ya mlango wa Baraza la Hukumu palichongwa maneno haya: Penye wengi hapaharibiki neno. Hapana aliyeuliza kama wale wengi walilitazama neno lenyewe, au walilipokezana tu kama ndoo ya maji penye moto.

Katika mji huo aliishi Makini binti Saburi, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Elimu yake ilikuwa elimu ya seli, vile vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho matupu ambavyo mwili wa kila kiumbe umejengwa kwavyo. Kwa miaka kumi na saba ya kuinamia hadubini alikuwa ameandika nyaraka tano tu, na watu walimwonea huruma kama wamwoneavyo mwanamke aliyechelewa kuzaa. Nyaraka nne za kwanza zilimpatia matajo kumi na matatu. Wa tano, ulioeleza jinsi seli za ini zinavyoziba jeraha, ulimpatia mia mbili na moja. Jumatatu ile aliponadiwa mara ya kwanza kuwa Bibi wa Mia Mbili mbele ya umati, alijifunika uso kwa mtandio akalia kwa furaha, akaona haya kwa kulia, kisha akalia tena.

Seli za waraka huo, kama seli za kila mtu aliyechunguza ini katika nchi nzima, zilitoka katika ghala la Mashuhuri bin Sifa, Bwana wa Elfu Kumi na Moja na ushei, mkuu wa wanavyuoni wote. Miaka thelathini nyuma, Mashuhuri alikuza seli za ini katika visahani vya kioo, akazidondoshea utomvu wa mzizi uitwao tulizo, na seli zile, badala ya kudhoofika, zikastawi na kuongezeka kwa kasi ya ajabu. Kutokana na waraka wake ikapatikana dawa, nayo ikaitwa Tulizo vilevile. Kila mgonjwa wa ini aliamriwa kunywa kikombe kimoja asubuhi kwa siku arobaini. Waliopona walihesabiwa kuwa ushahidi. Waliokufa walisemwa kuwa walichelewa kuanza. Mashuhuri mwenyewe hakuwa mlaghai. Aligawa seli zake bure kwa kila aliyeziomba, kwa moyo mkunjufu, na ukarimu huo uliongeza matajo yake kuliko hila za wenye hila.

Kiangazi cha mwaka ule kabati la joto la Makini liliharibika, na seli zake zote zikafa. Badala ya kwenda ghalani kuomba nyingine, akapata kwa daktari mpasuaji kipande kibichi cha ini la mtu, akakuza zake mwenyewe, akazitia Tulizo, kama ilivyokuwa desturi ya kazi yake, ili aendelee. Kabla ya saa moja kupita zilikuwa zimekufa. Akadhani mkono wake umekosea. Akarudia. Zikafa. Akarudia mara saba, kwa maji mapya, kwa visahani vipya, kwa dawa iliyofunguliwa siku ileile, na mara saba zikafa mbele ya macho yake, zikasinyaa na kujikunja kama majani ya mchicha katika mafuta ya moto.

Ndipo akaenda ghalani, akaleta seli za Mashuhuri, akaziweka bega kwa bega na zake chini ya hadubini; na jambo ambalo macho yake yalikuwa yameliruka kwa miaka kumi na saba likamkodolea. Seli zake mpya zilikaa kwa adabu, pembe kwa pembe, nyingi zikiwa na viini viwili, kama ilivyo tabia ya seli ya ini. Moja ikigusana na jirani yake ilisimama, kama mtu ajuaye mpaka wa shamba lake. Zile za ghalani zilikuwa na kiini kimoja kikubwa kilichopinda, nazo zilipandana, zikakanyagana, zikalaliana tabaka juu ya tabaka bila kujua mpaka. Makini aliwahi kuona seli za namna hiyo. Zilikuwa seli za saratani.

Akaomba katika Jumba la Nyaraka madaftari ya zamani ya maabara ya Mashuhuri, akayasoma siku mbili. Katika kabati moja, rafu moja, chupa ya seli za ini ilikaa karibu na chupa ya uvimbe uliotolewa kwa mpishi mmoja aliyekwisha kufa. Mrija mmoja ulitumika kwa chupa zote mbili. Tone moja lilikuwa limevuka, na lililovuka likala lililokuwapo, likaitwa kwa jina lake. Kwa miaka thelathini nchi nzima ilikuwa ikichunguza saratani ya mpishi na kuiita ini; na dawa iliyoilisha saratani ile na kuua ini lenyewe ilikuwa ikinyweshwa wagonjwa kila asubuhi.

Makini alifunga daftari. Wazo la kwanza lililomjia, na alijichukia kwa kuwa lilikuwa la kwanza, halikuwa la wagonjwa. Lilikuwa la waraka wake wa tano.

Mumewe, Hadhari, alikuwa karani wa Jumba hilohilo, mtu mwema aliyezoea kupima neno mara mbili na hatimaye asilitoe. Alimsikiliza mkewe barazani pao mchana ule mpaka mwisho, huku kahawa yake ikipoa.

"Mke wangu," alisema, "nakuamini. Laiti nisingekuamini, ningepata usingizi. Lakini umefikiri? Waraka wa Mashuhuri ukianguka, wako unaanguka nao. Utabaki na matajo kumi na matatu. Mwenye chini ya hamsini hunyang'anywa maabara, na mwenye chini ya ishirini huonyeshwa njia ya Kusahaulika."

"Nimefikiri, bwana."

"Na bado?"

"Jana asubuhi vilinywewa vikombe mia tatu. Leo mia tatu. Kesho utaniambia nifikiri tena?"

Hadhari akatazama kahawa yake. "Basi nenda kwake kwanza," alisema. "Usimshitaki mtu kabla hujambishia hodi. Huenda akasikia."

Mashuhuri alimpokea Makini katika ukumbi wenye mazulia mazito. Alikuwa mzee mrefu wa wajihi mzuri, mwenye kanzu isiyo na doa hata moja la dawa, maana hakuwa ameingia maabara kwa miaka ishirini. Mtu wa elfu kumi na moja hakutarajiwa kuinama. Alisikiliza kwa taadhima, akatikisa kichwa kwa upole, kisha akasema:

"Binti Saburi, vijana wengi hufika umri wako wakiwa na matajo machache, na moyo huingia uchungu. Sikulaumu. Lakini tazama mantiki ya neno lako. Wanavyuoni elfu kumi na moja wameutegemea waraka wangu. Je, wote wamepofuka, ukaona wewe?"

"Bwana mkubwa, mimi nami nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa nimepofuka. Sikuombi uniamini. Nimeleta visahani viwili. Nakuomba utazame."

"Nikitazama," alisema Mashuhuri, "nitakuwa nimekiri kwamba kuna la kutazamwa."

Wakati huo pazia likafunguliwa, akaingia msichana wa miaka kumi na tisa, akitembea polepole kwa kushika ukuta. Alikuwa Tunu, binti pekee wa Mashuhuri, ambaye mama yake alikufa siku aliyomzaa. Weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano kama kiini cha yai, na chini ya nguo tumbo lake lilikuwa limejaa. Mkononi alishika kikombe kitupu.

"Nimemaliza cha leo, baba," alisema, akamwamkia mgeni kwa heshima. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Makini. "Hiki ni kikombe cha ngapi?"

"Cha kumi na tisa. Baba anasema baada ya siku ya ishirini ndipo nguvu hurudi."

Makini akamgeukia mzee. Sauti yake, ambayo kwa kawaida haikusikika ng'ambo ya meza, ilijaza ukumbi. "Usimpe kingine! Niite mwongo, nifukuze mjini, lakini kesho asubuhi usimpe kingine!"

Wajihi wa Mashuhuri ukabadilika. Hakuna awezaye kumwambia baba kwamba anamuua mwanawe kwa mkono wake na akapewa kiti. Mzee aliinuka, akanyoosha kidole mlangoni, na Makini akatoka na visahani vyake. Nyuma yake alimsikia Tunu akiuliza, "Amesema nini, baba?"

Alasiri ileile alifungua mashitaka. Kadhi aliweka kesi siku ya tisa.

Siku tisa ni vikombe tisa. Makini alizihesabu moja moja. Kila asubuhi alitia Tulizo katika kisahani kipya, akikaribia kumwomba Mungu seli ziishi na yeye afedheheke. Na kila asubuhi zikafa. Siku ya tano Hadhari alileta habari kwamba msichana wa Mashuhuri hawezi tena kupanda ngazi, na kwamba babake ameamuru kikombe kiwe viwili.

Siku ya kesi Baraza lilijaa hata madirishani. Aliyekalia kiti cha hukumu alikuwa Kadhi Mizani bin Wastani, mtu ambaye hakupata kumdhulumu mtu kwa makusudi wala kumwokoa. Meza ilitandikwa katikati, juu yake hadubini na visahani viwili vilivyofungwa kwa lakiri. Asubuhi ile karani wa Baraza alikuwa ametia dawa katika vyote viwili kwa mkono wake. Mashuhuri aliketi upande wa kulia akitazama mbele. Tunu alikuwa safu ya wanawake, ameegemea bega la yaya wake. Alikataa kubaki nyumbani. Na aliyesimama kwa ajili ya Mashuhuri alikuwa wakili Fasaha, ambaye ilisemwa kwamba angeweza kumshawishi samaki kuwa maji ni uzushi.

Makini alieleza neno lake bila pambo: mrija, rafu, chupa mbili, kiini kimoja na viini viwili. Alipofika habari ya wagonjwa, mnong'ono ulipita barazani kama upepo katika majani makavu, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba mizani imeinama upande wake.

Fasaha akainuka, akaliweka sawa joho lake, akatabasamu.

"Mheshimiwa Kadhi, sitapinga hata herufi moja ya hoja za bibi huyu. Nina swali moja tu. Bibi, una matajo mangapi?"

"Mia mbili na kumi na manne."

"Na mangapi kati yake yanatokana na waraka wako juu ya seli za ini, zilizotoka ghalani mwa mteja wangu?"

Makini aliona shimo, lakini alikuwa amekwisha kutia mguu. "Mia mbili na moja."

"Ikiwa maneno yako ya leo ni kweli, waraka huo ni batili?"

"Ni batili. Mimi mwenyewe ninaubatilisha."

"Mashallah! Ukibatilika, unabaki na kumi na matatu." Fasaha akaligeukia Baraza, mikono wazi. "Na sheria yetu, enyi waungwana, yasema kwamba asiyefikia mia hana ulimi katika mambo ya elimu. Basi mantiki ni nyepesi. Ikiwa bibi huyu amesema uongo, ni mwongo, na kesi ifutwe. Ikiwa amesema kweli, hana haki ya kusema. Na kama hana haki ya kusema, hakusema. Na kama hakusema, hakuna kesi. Kwa vyovyote vile, Mheshimiwa, hatukusikia neno hapa leo."

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi, maana ilikuwa hoja nzuri kama kikombe cha kaure. Na wachache tu waliona kwamba ndani yake mlikuwa na sumu. Kadhi alifunua kitabu cha sheria, akakifunga, akakifunua tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Binti Saburi," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeomba asiombwe, "sheria ni bayana. Una la kuongeza kabla sijafuta kesi? Au tuseme... huna ruhusa ya kuongeza."

Makini alimtazama mumewe katika meza ya makarani wa Jumba la Nyaraka. Hadhari alikuwa ameshika kalamu hewani, haandiki. Kisha akamtazama Tunu.

"Nimekubali," alisema. "Sikusema. Sisemi. Naomba jambo moja: aje yeyote atazame."

"Pingamizi!" alilia Fasaha.

"Pingamizi la nini?" aliuliza Kadhi. Alipekua kurasa kwa kidole, polepole, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukapata rangi. "Sheria imekataza kusema. Kutazama haikukutaja."

Wanavyuoni zaidi ya mia mbili walikuwamo barazani. Waraka wa kila mmoja ulikuwa umeegemea ule wa Mashuhuri kama vijiti vya kibanda kimoja. Mmoja alitazama kucha zake, mwingine akatazama dari. Mashuhuri hakujongea. Hapana aliyeinuka, na Kadhi alikuwa amekwisha kushika nyundo yake, ndipo kiti kilipokwaruza sakafu katika safu ya wanawake.

Tunu alikuwa amesimama.

Alitembea kutoka kiti hata kiti, akishika migongo ya watu, na watu wakamwachia mabega yao. Njia ya hatua ishirini ilimchukua muda ambao mtu angeweza kumaliza sala fupi. Alipofika mezani aliiinamia hadubini kwa mikono miwili, akatazama kisahani cha kwanza, akapumzika, akatazama cha pili. Katika Baraza lote hapakusikika ila pumzi zake.

"Bi Makini," aliuliza bila kuinua kichwa, "hizi zilizokufa, zenye viini viwili, ndizo za ini la mtu?"

"Ndizo, mwanangu."

"Binti huyu hana hata tajo moja!" alipaza Fasaha. "Hawezi—"

"Sizungumzi na Baraza," alisema Tunu. "Nazungumza na baba yangu." Akageuka, na macho yake ya manjano yakamtafuta mzee katika umati. "Baba, njoo uone."

Mashuhuri alikaa palepale. Kila mtu alimwona akikaa, na kila mtu, hata aliyemchukia, alimwonea imani, kwa kuwa alikuwa kati ya mambo mawili, na kila moja lilikuwa maisha yake. Kisha akainuka. Alipita mbele ya wakili wake kana kwamba anapita mbele ya nguzo. Mezani vidole vyake vilipapasa, havikumbuki gurudumu lipi huleta nuru na lipi huleta umbali, mpaka mkono mdogo wa Tunu ukauongoza wa kwake. Akainama.

Alitazama kwa muda mrefu sana. Fasaha alikohoa mara mbili. Mzee alibadilisha kisahani, akarudi kwenye cha kwanza, akabadilisha tena. Alipoinuka alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Dawa imetiwa lini?" alimuuliza karani wa Baraza.

"Saa mbili asubuhi, bwana, kwa mkono wangu."

"Na mtoto wangu alikunywa saa moja." Neno hilo hakulielekeza kwa mtu yeyote. Kisha akavuta pumzi, akamwelekea Kadhi. "Mheshimiwa, seli nilizozigawa miaka thelathini si za ini. Mrija ni wangu, kosa ni langu. Dawa ikomeshwe leo hii, kabla ya magharibi."

"Bwana mkubwa!" Fasaha alimshika mkono wa kanzu. "Fikiri! Elfu kumi na moja! Utabaki na nini?"

"Niliandika nyaraka nyingine kabla ya ile. Zina matajo mia nne. Yananitosha kusema." Akajinasua. "Elfu kumi na moja wamelitaja kosa langu, Fasaha, na hapana hata mmoja aliyelitazama. Hata mimi. Kaa chini."

Akamwinua Tunu mikononi kama mtoto wa miaka mitatu, akatoka naye mbio jinsi umri wake ulivyomruhusu, na umati ukapasuka kumpisha. Makini alibaki amesimama mbele ya hadubini. Hakujua kama ameshinda, wala kama msichana yule angeiona wiki ijayo.

Tunu aliiona, ingawa kwa taabu. Miezi mitano alilala, na mwezi wa sita akakaa. Wengi hawakupata bahati hiyo, na katika mitaa ya Midomoni mwaka ule palikuwa na nyumba nyingi zilizofunga milango yao wanavyuoni walipopita. Nyaraka elfu nne na mia tatu zilizotumia seli zile zilirudishwa kwa wenyewe. Kadhi Mizani, aliyeogopa zaidi kukumbuka jinsi alivyokaribia kupiga nyundo kuliko alivyoogopa wakubwa, alipitisha amri mbili: kwamba yeyote, awe na tajo au asiwe nalo, ana ulimi barazani akileta jambo linaloweza kutazamwa, na kwamba hapana dawa itakayonyweshwa mtu kabla uchunguzi wake haujarudiwa na watu wawili wasio na deni la fadhila kwa mwenyewe. Makini, kwa idhini ya Kadhi, hakupelekwa Kusahaulika, lakini alibaki na matajo yake kumi na matatu na chumba kimoja cha kazi. Wenzake ambao nyaraka zao zilianguka walimpita njiani bila salamu. Yeye naye aliandika waraka mpya, wa sita, akieleza kosa la seli za ini hatua kwa hatua, akaupeleka Jumba la Nyaraka, akaendelea na kazi.

Mwaka ulipotimia, adhuhuri moja, mnadi mkuu mwenyewe alifika mlangoni pa Makini, na ngoma, na barua ya heshima yenye utepe.

"Hongera, Bibi wa Elfu Mbili na Mia Sita!" alitangaza. "Waraka wako wa sita umetajwa na nchi nzima. Hakuna aandikaye siku hizi asiyeanza kwa jina lako. Baraza linakutengea maabara tatu."

Makini hakuichukua barua. "Wangapi wameurudia?" aliuliza.

"Wameurudia nini, bibi?"

"Uchunguzi wenyewe. Waliochukua ini, wakakuza seli, wakatia dawa, wakatazama."

Mnadi alipekua karatasi zake, akapekua tena, akionekana kuona haya kwa ajili ya mtu mwingine. "Yuko mmoja tu. Lakini huyo usimtie maanani, bibi, bado mwanafunzi. Anasema katika jaribio lako la nne maji yalizidi chumvi, na kwamba baadhi ya seli ulizosema zimeuawa na dawa ziliuawa na chumvi. Tumeona tusiunadi waraka wake, usikuvunjie siku."

"Ni nani?"

"Tunu binti Mashuhuri."

Mnadi alibaki kizingitini na ngoma yake, kwa maana mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Makini alikwenda haraka, nusu akitembea na nusu akikimbia, akilipitia jaribio la nne moyoni, chupa kwa chupa, kipimo kwa kipimo, akiogopa. Na ndani ya hofu ile mlikuwa na furaha ambayo matajo mia mbili hayakupata kumpa. Katika maabara ya kale ya Mashuhuri madirisha yalikuwa wazi. Mzee alikuwa nyuma akiosha visahani, mikono ya kanzu imekunjwa hadi viwikoni. Tunu alikuwa mezani. Aliinua kichwa, akamwona aliyeingia, akasimama upesi kwa wasiwasi wa mtoto aliyemkosoa mkubwa wake.

"Shikamoo, Bi Makini. Sikutaka—"

"Marahaba," alisema Makini, akivuta kiti. "Nionyeshe."